Barabara za mbugani Simiyu: moramu, chokaa au saruji?

WAFANYABIASHARA wanaofuata pamba, dengu na choroko vijijini mkoani Simiyu wanaijua hesabu moja ambayo haimo katika bei elekezi ya zao lolote. Ni hesabu ya kilometa za mwisho, kutoka ukingo wa lami hadi ghala la chama cha msingi. Kiangazi hesabu hiyo ni ndogo. Mvua zikishika hupanda ghafla, na mara nyingine haijulikani kabisa, kwa kuwa lori limezama mbugani na mwenye mali hajui litatoka lini.

Kwa barabara kuu mkoa umepiga hatua kubwa. Njia ya Mwigumbi hadi Lamadi kupitia Maswa na Bariadi, yenye kilometa 171.8, iliwekewa lami kwa awamu: Lamadi–Bariadi kilometa 71.8, Mwigumbi–Maswa kilometa 50.3 na Maswa–Bariadi kilometa 49.7, kipande kilichowekewa jiwe la msingi mwaka 2018. Leo gari linalotoka Shinyanga linafika Bariadi na kuunga na barabara kuu ya Mwanza–Musoma pale Lamadi bila kukanyaga tope. Mkoa wenyewe ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, na una wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega.

Lakini pamba hailimwi kando ya lami pekee. Sehemu kubwa ya mzigo hutoka kwenye barabara za wilaya na vijiji ambazo tangu mwaka 2017 ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA. Nchi nzima wakala huo una mtandao wa zaidi ya kilometa 144,000, na sehemu kubwa ya mtandao huo ni barabara za udongo. Hakuna bajeti inayoweza kuziwekea lami zote katika kizazi hiki. Swali linalobaki ni la kibiashara: kwa fedha iliyopo, ni kitu gani kitaifanya barabara ya mbugani ipitike mwaka mzima na kudumu zaidi ya misimu miwili?

UDONGO ULEULE, FAIDA NA HASARA

Udongo mweusi wa mfinyanzi ulioenea katika mabonde ya Simiyu ndio utajiri wa mkoa. Unashika maji kwa muda mrefu, na ndiyo maana dengu hupandwa mvua zikielekea mwisho na kukomaa kwa unyevu uliobaki ardhini. Wahandisi duniani kote wanauita udongo wa pamba, jina lililotoka India ambako pamba ililimwa juu ya udongo wa aina hiyo. Kwa Simiyu, mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, jina hilo limekaa mahali pake.

Wakulima wa Kisukuma wana majina yao ya udongo, nayo yana faida kwa mjenzi wa barabara. Juu ya miinuko, karibu na mawe makubwa ya matale, kuna luseni, udongo wa kichanga. Chini kidogo huja itogolo, udongo mgumu wenye tabaka lisilopitisha maji. Bondeni kabisa ndiko kwenye mbuga, udongo mweusi. Mpangilio huu wa udongo kubadilika kutoka kilele hadi bonde ulipewa jina la kitaalamu na Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, katika miaka ya 1930. Aliuita katena, yaani mnyororo, na dunia nzima inatumia neno hilo hadi leo.

Kwa mfanyabiashara, maana yake ni rahisi. Barabara ya kilometa 20 kutoka kijijini hadi lami haiwi mbovu yote. Inapanda luseni, inashuka mbuga, inapanda tena. Kinachofunga njia ni vile vipande vya bondeni, pengine kilometa tatu au nne kwa jumla. Gari likishindwa kuvuka kipande cha mita 300, kilometa zote 20 hazina thamani siku hiyo.

Tatizo la mbuga liko ndani ya chembe zake. Madini ya udongo huo yamepangwa kama karatasi nyembamba sana. Maji yakiingia, karatasi huachana na udongo huvimba. Jua likiwaka, maji hutoka na udongo husinyaa na kupasuka nyufa ambazo mtu anaweza kuingiza mkono. Barabara iliyojengwa juu yake huinuka na kushuka kila mwaka. Pembeni, ambako maji huingia na kutoka kwa urahisi, ndiko nyufa ndefu huanzia, na hata lami nzuri hupasuka kwa urefu kufuata ukingo.

Kipimo cha nguvu ya udongo kinachotumika nchini ni CBR. Hulinganisha ukinzani wa udongo na ule wa kokoto zilizopondwa, ambazo hupewa alama 100. Udongo wa mbuga ukilowekwa unaweza kupata alama 2 au pungufu. Mwongozo wa usanifu wa tabaka za barabara uliotolewa na Wizara ya Ujenzi mwaka 1999 unataka udongo ulioboreshwa chini ya barabara ufikie alama 7 kwa tabaka la chini na 15 kwa tabaka la juu. Kuziba pengo hilo kati ya 2 na 15 ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo gharama yenyewe.

HESABU YA MWENYE LORI

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Lori la tani 10 limekodiwa kwa sh. 400,000 kutoa dengu kijijini kiangazi. Gharama ni sh. 40 kwa kilo. Mvua zikinyesha, mwenye lori hakubali kupakia zaidi ya tani 5, na kwa kuwa safari inaweza kuchukua siku mbili, anadai sh. 600,000. Gharama inakuwa sh. 120 kwa kilo. Tofauti ya sh. 80 lazima ilipwe na mtu. Mnunuzi wa mjini hailipi, kwa sababu anaweza kununua kwingine. Anayelipa ni mkulima kwa kupunguziwa bei, au mfanyabiashara mdogo kwa kupoteza faida yake.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana. Mtaji uliolala ghalani kijijini kwa wiki tatu kusubiri njia ikauke ni mtaji usiozunguka. Aliyekopa benki au kwa mtu binafsi anaendelea kulipa riba. Kwa mazao yanayouzwa kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani, anayechelewa kufikisha mzigo ghala kuu huikosa bei ya wiki hiyo.

Pamba huvunwa na kununuliwa kuanzia Mei, mvua zikiwa zimepungua, na baadhi ya watu husema kwa hiyo barabara za masika si tatizo la pamba. Hesabu hiyo ina kasoro. Mbegu na dawa za kuua wadudu lazima zifike kwa mkulima kati ya Novemba na Februari, wakati mbuga imelowa. Dawa ikichelewa, wadudu hawasubiri. Mavuno yanayopotea Januari huonekana kwenye mzani wa Juni, na kiwanda cha kuchambua pamba hukosa mzigo wa kutosha kuendesha mashine zake.

MORAMU INAISHA

Tiba iliyozoeleka ni moramu. Tuta huinuliwa, moramu hubebwa kutoka machimboni, hutandazwa na kushindiliwa. Ikifanywa vizuri barabara hupendeza. Lakini moramu ni mali inayoliwa. Upepo, maji na magurudumu huondoa kati ya milimita 10 na 30 za unene wake kila mwaka, kutegemea magari, mvua na ubora wa moramu yenyewe. Kwa barabara yenye upana wa mita 6, kupotea milimita 25 ni sawa na meta za ujazo 150 kwa kila kilometa kwa mwaka. Tabaka la sentimeta 15 linakuwa limekwisha katika mwaka wa sita kama halijaongezwa.

Tabaka hilo la sentimeta 15 lilihitaji meta za ujazo 900 zilizoshindiliwa kwa kilometa moja. Kwenye lori, ikiwa haijashindiliwa, ni kama meta 1,200, yaani tripu 120 za lori la meta 10. Machimbo yakiwa kilometa 25 kutoka eneo la kazi, malori yanatembea jumla ya kilometa 6,000 ili kujenga kilometa moja ya barabara. Katika mabonde mapana ya Simiyu moramu nzuri haiko karibu kila mahali, na machimbo ya karibu ndiyo huisha kwanza. Kila mwaka safari inarefuka, na bei ya kilometa inapanda hata kama mafuta hayakupanda.

Hasara kubwa zaidi hutokea pale moramu inapomwagwa moja kwa moja juu ya mbuga laini. Magurudumu huikandamiza ndani ya udongo mweusi, na udongo mweusi hupanda juu. Baada ya masika mbili wananchi huuliza moramu imekwenda wapi. Haikuibwa. Imezama.

CHOKAA INAFANYA NINI

Hapa ndipo linapokuja suala la kuimarisha udongo, yaani kuubadilisha ulivyo badala ya kuufukia. Kwa mfinyanzi mweusi, dawa inayojulikana zaidi ni chokaa. Si unga wa mawe ya chokaa wala chokaa ya kupaka ukuta iliyokaa wazi muda mrefu, bali chokaa iliyochomwa, mbichi au iliyozimwa kwa maji.

Chokaa ikichanganywa na mbuga yenye unyevu hufanya kazi mara mbili. Ya kwanza ni ya haraka, ndani ya saa hadi siku chache. Chembe zinashikana, udongo unaacha kunata, unakatika vipande vidogo kama mchanga mzito, na uvimbaji unapungua sana. Greda ambalo asubuhi lilikuwa likiburuza tope linaweza kufanya kazi siku inayofuata. Kazi ya pili ni ya polepole. Chokaa huungana na madini ya udongo na kutengeneza gundi inayofanana na ile ya saruji, na nguvu huongezeka kwa wiki na miezi, mradi unyevu upo na chokaa inatosha.

Neno "inatosha" ndilo lenye mtego. Sehemu ya kwanza ya chokaa humezwa na udongo bila kuleta nguvu ya kudumu. Maabara huipima kwa kuangalia ukali wa mchanganyiko: mpaka ufikie pH ya 12.4, udongo bado unadai. Mkandarasi anayeweka asilimia 2 pale ambapo udongo unadai 4 amelainisha kazi yake tu. Barabara itarudi mbuga baada ya masika chache, na fedha zimekwenda.

Pia si kila mbuga inafaa. Udongo wenye jasi nyingi ukichanganywa na chokaa au saruji unaweza kuvimba zaidi kuliko mwanzo. Barabara ya Stewart Avenue mjini Las Vegas, Marekani, iliyojengwa mwaka 1975 juu ya udongo uliotiwa chokaa, iliinuka na kuharibika, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1988 ukaonyesha kuwa salfeti ndiyo chanzo. Kipimo cha salfeti ni cha gharama ndogo kikilinganishwa na kung'oa kilometa nzima.

SARUJI NA MORAMU DHAIFU

Saruji ina kazi yake, lakini si ndani ya mbuga tupu. Mfinyanzi unaonata hauchanganyiki nayo. Mabonge hubaki na saruji hukaa nje ya mabonge. Saruji inafaa kuipa nguvu moramu dhaifu au udongo wa kichanga, kwa mfano luseni ya miinukoni iliyochanganywa na changarawe kidogo. Mwongozo wa 1999 una madaraja ya tabaka za saruji, likiwemo C1 linalohitaji nguvu ya megapaskali 1, kama kilo 10 kwa kila sentimeta ya mraba, na C2 linalohitaji mara mbili yake.

Tofauti nyingine ni muda. Mchanganyiko wa chokaa huachwa siku moja au zaidi upumzike kabla ya kushindiliwa. Saruji haisubiri. Tangu maji yaguse, kuchanganya, kusawazisha na kushindilia kunatakiwa kumalizika ndani ya saa chache. Greda likiharibika saa tano asubuhi na fundi yuko Mwanza, saruji yote iliyomwagwa asubuhi hiyo imepotea.

Zote mbili zina adui mmoja ambaye ni hewa. Tabaka likiachwa wazi likauke, hewa ukaa huila chokaa kutoka juu na kuirudisha kuwa unga usio na nguvu. Matatizo ya aina hii yalichunguzwa sana Afrika Kusini katika miaka ya 1980. Kinga yake ni kulowesha tabaka kwa siku saba au kulifunika mapema kwa lami nyepesi au tabaka linalofuata.

KIASI GANI KWA KILOMETA

Mfanyabiashara anayetaka kujua ukubwa wa soko anaweza kufanya hesabu mwenyewe. Kilometa moja, upana mita 6, kina sentimeta 15, ni meta za ujazo 900. Mbuga iliyoshindiliwa ina uzito wa tani moja na nusu hivi kwa meta ya ujazo, yaani tani 1,350. Chokaa ya asilimia 4 ni tani 54, au mifuko 2,160 ya kilo 25. Udongo ukidai asilimia 6 inakuwa tani 81. Kwa moramu yenye uzito wa tani 2 kwa meta ya ujazo, saruji ya asilimia 3 nayo ni tani 54, sawa na mifuko 1,080 ya kilo 50.

Tani 54 ni semi-trela mbili zilizopakiwa kihalali. Chokaa ikitoka Tanga, ambako mawe ya chokaa ya Amboni yanachomwa, safari ni zaidi ya kilometa 1,000. Kwenda na kurudi, semi-trela mbili zinatembea kilometa 4,000 na zaidi. Ukilinganisha na kilometa 6,000 za malori ya moramu kutoka machimbo ya kilometa 25, chokaa haiko mbali kama inavyodhaniwa. Machimbo yakiwa kilometa 10 tu, moramu inashinda bila ubishi. Yakiwa kilometa 40, chokaa inaanza kuongea, ingawa bei ya chokaa yenyewe kiwandani lazima iongezwe kwenye mizani.

Wapo wafanyabiashara wanaoweza kupunguza nauli hiyo. Malori yanayopeleka robota za pamba pwani huhitaji mzigo wa kurudi, na mzigo wa kurudi una bei yake. Reli ya kati inayokwenda Mwanza inapita Malampaka wilayani Maswa, stesheni ambayo imehudumia pamba kwa miaka mingi. Upande wa kaskazini, eneo la Koru magharibi mwa Kenya lina historia ndefu ya kuchoma chokaa, na njia ya Sirari kwenda Lamadi ni fupi kuliko ya Tanga, ingawa kuna taratibu za forodha na viwango vya ubora.

Hata hivyo, mnunuzi asidanganywe kwamba chokaa inafuta moramu. Mbuga iliyotiwa chokaa haifai kuwa uso wa barabara. Magurudumu yataichakaza na kuigeuza vumbi. Inachookoa ni zile tabaka za kifusi cha kubeba zilizotakiwa kati ya mbuga na moramu ya juu, na inaizuia moramu hiyo isizame. Anayelinganisha gharama aweke upande mmoja tabaka zote za kifusi, na upande wa pili chokaa pamoja na tabaka moja la moramu au lami nyepesi. Kulinganisha chokaa peke yake na moramu peke yake ni kujidanganya.

MAJI, MUDA NA MITARO

Kuna gharama nyingine ambayo wazabuni wapya huisahau: maji. Mbuga ya kiangazi ni kavu kama tofali. Kuongeza unyevu wa asilimia 10 tu katika tani 1,350 ni lita 135,000, yaani boza 13 au 14 za lita 10,000 kwa kila kilometa, kabla ya kulowesha kwa siku saba. Kazi hufanyika kati ya Juni na Oktoba, miezi ambayo malambo yamepungua na mifugo inayategemea. Mkandarasi asiyepatana mapema na kijiji kuhusu maji atasimama, na siku za mtambo uliokodiwa zinaendelea kulipiwa.

Mitaro ndiyo bima ya kazi yote. Maji yakisimama pembeni ya tuta, hakuna chokaa itakayoiokoa barabara. Bondeni, tuta liwe juu ya maji ya masika, makalavati yatoshe, na mabega ya barabara yatiwe chokaa pia, kwa sababu ndipo nyufa huanzia. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilionyesha nchi nzima kwamba kinachokatika kwanza ni kivuko, kisha barabara hufuata.

TIBA KWA SEHEMU KOROFI

Mfano wa karibu wa kufikiria kwa namna hii upo hapa nchini. Kuanzia karibu mwaka 2010, kwa msaada wa programu ya utafiti ya AFCAP iliyogharamiwa na Uingereza, vipande vya majaribio vilijengwa katika barabara ya Bago–Talawanda, Bagamoyo, na Lawate–Kibongoto, Siha, mkoani Kilimanjaro. Badala ya kuipa barabara nzima tiba moja, kila sehemu ilipewa kinachoifaa: changarawe panapotosha, mikanda ya zege kwa ajili ya magurudumu au aina nyingine za uso pale panapoteleza au penye udongo mbovu. Mafunzo ya aina hiyo yameingia katika mwongozo wa barabara zenye magari machache ambao wizara iliutoa mwaka 2016.

Kwa Simiyu somo hilo lina thamani kubwa. Ikiwa vipande vibovu ni kilometa tatu katika 20, fedha za kutia chokaa kilometa tatu zinaweza kuifungua njia yote. Luseni ya miinukoni inahitaji greda, mitaro na moramu kidogo. Kuitia chokaa ni kutupa fedha, kwa sababu mchanga hauna mfinyanzi wa kuungana nayo.

DAWA ZA CHUPANI

Kadhalika, kuna mawakala wanaouza dawa za maji za kuimarisha udongo, nyingine zikiitwa vimeng'enya, nyingine asidi au polima. Baadhi zimefanya kazi katika udongo fulani na kushindwa katika mwingine. Kasoro kubwa ni kwamba dawa nyingi hazina kipimo cha maabara kinachotabiri matokeo yake kama ilivyo kwa chokaa na saruji. Halmashauri, kampuni ya pamba au chama cha msingi kinachotaka kutengeneza njia yake kiulize maswali matatu kabla ya kulipa. CBR ya udongo huuhuu, uliolowekwa siku nne, ni ngapi kabla na baada? Je, kuna kipande kilichojengwa juu ya mbuga na kupita masika mbili? Na nani atalipa kikibomoka? Wakala anayejibu kwa picha za nchi nyingine hajajibu.

UZITO WA MAGARI

Mwisho, wafanyabiashara wenyewe wana mkono katika maisha ya barabara. Majaribio makubwa yaliyofanyika Ottawa, Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa uharibifu hukua kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 ikibebeshwa 12, imezidi kwa asilimia 20 lakini uharibifu unaongezeka zaidi ya mara mbili. Ikibebeshwa 13, unakaribia mara tatu. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaweka kikomo cha tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne na tani 56 kwa gari zima. Mizani iko kwenye barabara kuu. Katika barabara ya kijiji hakuna mzani, na tabaka lililotiwa chokaa kwa ajili ya magari machache ya tani 7 na 10 halitastahimili semi-trela iliyojazwa marobota usiku.

NANI APATE BIASHARA

Kwa wawekezaji wadogo, nafasi ziko tatu. Ya kwanza ni usambazaji wa chokaa na saruji, ila kwa tahadhari ya utunzaji: saruji iliyokaa zaidi ya miezi mitatu na chokaa iliyopigwa na hewa hupoteza nguvu, hivyo mzigo uingizwe kwa kufuata ratiba ya kazi na siyo kwa kubahatisha. Ya pili ni kukodisha mitambo, hasa boza la maji, shindilio na trekta lenye haro la kuchanganyia. Trekta hizo zipo tayari mkoani kwa kilimo, na Julai hadi Septemba nyingi hazina kazi. Ya tatu ni ukandarasi mdogo. Sheria za ununuzi wa umma zimetenga asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, zabuni hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, na Taasisi ya Mafunzo ya Teknolojia Stahiki iliyoko Mbeya hufundisha ujenzi unaotumia nguvukazi. Mkandarasi anatakiwa kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi.

Anayeingia katika kazi hii azingatie kwamba malipo ya serikali yanaweza kuchelewa, wakati chokaa, mafuta na boza hulipwa taslimu. Mtaji wa kumaliza kilometa moja bila kusubiri hati ya malipo ni salama kuliko kushinda zabuni ya kilometa tano.

Anayejenga ghala, naye, aangalie udongo kabla ya kuangalia bei ya kiwanja. Kiwanja cha bei poa bondeni, mita 500 kutoka lami, kinaweza kufungwa miezi mitatu kwa mwaka. Cha mwinuko wa luseni, kilometa mbili zaidi, kinaweza kupokea mzigo Februari wakati wengine wamesimama. Kabla ya kusaini, atembelee mahali hapo mara mbili, mara moja Septemba aone nyufa, na mara moja Machi aone magurudumu yanazama hadi wapi.